Taya Lililoniletea Posa

Mwezi uliopita tulimzika Bi Zuhura wa Kisauni. Nilipofika kilioni sikukaa barazani na majirani. Nilishikwa mkono nikapitishwa ukumbini mpaka chumba cha ndani, kule wanakokaa wafiwa wenyewe, nikasogezewa mkeka baina ya dada yake na binti yake mkubwa. Mjukuu wake mmoja, msichana mrefu wa sekondari, alikuwa akipita na birika la kahawa. Akaniinamia kwa adabu, "Shikamoo. Samahani, wewe ni nani wake marehemu?" Nikamjibu kama ninavyowajibu watu miaka yote hii: "Mkwewe." Akasimama na birika mkononi, nikamwona anawapitia ami zake kichwani, mmoja mmoja pamoja na wake zao. "Mke wa ami yupi?" Nikamwambia, "Sikuolewa na ami yako yeyote, mwanangu." Dada ya marehemu, aliyekuwa ametulia baada ya kulia sana, akajifunika uso kwa leso na mabega yakaanza kumtikisika. Watu wakadhani kilio kimerudi. Alikuwa akicheka, maana yeye aikumbuka posa ile mwanzo mpaka mwisho. Nikaona nami niieleze yote kabla hatujaisha sote tunaoijua.

Mwaka ule nilikuwa nakaa Bofu, ng'ambo ya feri upande wa Likoni, kwa shangazi yangu Mwanasha, na nilikuwa nafundisha chekechea mitaa miwili kutoka nyumbani. Nililala chumba kimoja na Saumu, binti wa shangazi, chumba chenye dirisha lililotazama jiko la jirani, hata kila asubuhi tulijua wenzetu wanapika nini kabla hatujajua sisi wenyewe tutakula nini. Mimi nilikuwa msemaji. Sisemi kwa kujisifu wala kwa kujuta. Wengine huzaliwa warefu, mimi nilizaliwa na maneno. Niliwasomesha watoto kwa sauti, nikarudi nikimweleza Shangazi mambo ya watoto, nikalala nikimweleza Saumu mambo ya Shangazi. Na Saumu alikuwa na lalamiko lake. Asubuhi alikaa kitandani, macho mekundu, akasema, "Wewe mwana, mchana wasema, na usiku wasaga. Hayo meno yako ni kinu? Yapumzishe, tafadhali." Nilidhani anatia chumvi. Mtu hasikii meno yake mwenyewe akiwa amelala, na kwa hivyo nilijiona nasingiziwa. Nilichokuwa nakisikia ni kitu kingine: taya langu la kulia, karibu na sikio, lilikuwa likilia *ko!* kila nikipiga mwayo au nikitafuna kitu kigumu, kama mtu anafungua kufuli. Watoto wa chekechea walilipenda mno. Wakati wa uji walinizunguka wakasema, "Mwalimu Tima, lia tena!" Nami nikatafuna hewa nikalia, wakaanguka kwa kicheko.

Siku moja nikaamka *ko* imenyamaa. Nikafurahi, nikaenda jikoni. Shangazi alikuwa amepika mahamri na mbaazi za nazi. Nikachukua hamri, nikalipeleka mdomoni, likagonga meno likasimama. Nikajaribu upande wa pili. Mdomo ulikuwa umefunguka upana wa kidole kimoja tu, na nikiulazimisha maumivu yananipanda mpaka kwenye utosi. Shangazi akanitazama. "Mbona wabusu hamri?" Nikajaribu kumweleza, maneno yakatoka yamebanwa, kama mtu anayesemea nyuma ya mlango. Saumu akaja, akatazama, na Mungu amsamehe, neno lake la kwanza lilikuwa "Alhamdulillahi." Siku ile nilikula mbaazi kwa kuzifyonza, na hamri nikalichana vipande vyembamba nikavipenyeza baina ya meno kimoja kimoja, kama mtu anayepitisha barua chini ya mlango.

Basi kila mtu akawa tabibu. Jirani wa upande wa jiko alisema ni upepo umenipiga kwa kulala dirisha wazi, nikafungwa kanga kutoka kidevuni mpaka juu ya kichwa, nikawa kama maiti anayetembea. Shangazi alisema ni jicho, kwamba mtu amenihusudu maneno yangu. Saumu akauliza nani huyo wa kuyahusudu, akamtakia maisha marefu mwenye jicho hilo. Nikasuguliwa mafuta ya uto, nikachomewa ubani, nikasomewa, na kisomo kilinituliza moyo kweli, lakini taya lilibaki pale pale. Mwisho tukaenda kwa mzee mmoja wa ng'ambo ya soko aliyekuwa akiwang'oa watu meno kibarazani kwake. Aligonga shavu langu akasema kwa uhakika, "Ni gego la mwisho. Litoke, wapona leo hii." Akachukua koleo lake. Koleo halikuingia. Akalijaribu kwa ubavu, akalijaribu kwa chini, akafuta jasho, kisha akamgeukia Shangazi kwa hasira: "Mwambie afungue mdomo nimtibu." Shangazi akamjibu, "Lau angeweza kufungua mdomo tungekuja kwako kufanya nini?" Tukarudi. Gego lile ninalo mpaka leo, zima, na kila nikitafuna bisi nalikumbuka koleo la mzee yule na namshukuru Mola kwa kuufunga mlango siku ile.

Shuleni ndiko kulikoharibika. Ilikuwa wakati wa kufundisha irabu. Jaribu wewe msomaji kusema *a* meno yakiwa yamekaribiana. Inatoka kitu kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Watoto wadogo huiga kila wanachokiona, basi wangu nao wakabana meno, darasa zima, kwa bidii, wakasema kama mimi. Wiki hazikupita nyingi mama mmoja akaja mpaka mlangoni kwa mwalimu mkuu. Nilimsikia kupitia ukuta wa mabati: "Mwanangu aniita *meme*. Na baba yake amwita *bebe*. Hii ni lugha gani mwawafundisha?" Mwalimu Karisa, mwalimu mkuu wetu, Mgiriama mpole aliyekuwa akiongea kana kwamba kila neno lina mtoto aliyelala ndani yake, aliniita. "Mwalimu Tima," alisema, "mimi sikufukuzi. Lakini hawa wakifika darasa la kwanza wakisoma hivi, mimi nitajificha wapi? Nenda katibiwe. Nafasi yako naiweka mpaka shule zifunguliwe mwakani. Zaidi ya hapo wenye shule hawataniruhusu." Nilikwenda nyumbani nikiwa nimejifunika, nikalia. Hata kulia kulinishinda, kwa sababu kilio cha haki kinataka mdomo.

Hapo ndipo Bi Zuhura alipotokea. Alijuana na Shangazi zamani, na alikuwa na mwana, Twalib, karani wa makontena huko Changamwe, amepanga chumba Magongo, kijana wa kazi na swala, hana kasoro ila hana mke. Alikuja Bofu na dada yake, kunitazama. Shangazi alinivisha buibui jipya, akanikalisha karibu na mlango, akaninong'oneza, "Maradhi hayatangazwi barabarani. Wakikuuliza, jibu. Wasipokuuliza, nyamaa." Nikamnong'oneza kwa taabu, "Waambie wewe." Akajifanya ameshikwa na kazi ya sinia. Na wao hawakuuliza, kwa sababu Bi Zuhura hakuuliza kitu alasiri nzima. Alisema. Alisema juu ya nyumba yake, juu ya mume wake aliyefariki, juu ya maji ya bomba, juu ya daktari wa macho, juu ya bibi arusi mmoja wa Mtopanga aliyelala siku ya kutolewa nje mbele ya wageni wote. Nilikuwa na majibu yangu kwa kila jambo, yamenijaa mpaka kooni, lakini niliweza kutoa "abee" ya midomo iliyofumbwa tu na kutikisa kichwa. Pilau ilipokuja nilichukua punje. Bi Zuhura akamwangalia dada yake, dada yake akamwangalia Bi Zuhura. "Mashaallah," alisema. "Hana pupa, hana kiherehere, na akisikiliza, asikiliza kwa macho. Mwanasha, wasichana kama huyu walikuwapo enzi zetu." Jikoni nikasikia kishindo. Saumu alikuwa ameangusha mwiko.

Posa ikaja rasmi kabla mwezi haujaandama. Leo, nikiwa na mabinti wawili wakubwa, nafahamu alichokuwa akikifanya Shangazi: aliogopa. Sikuwa na kazi, sikuwa na sauti, na yeye alikuwa na ujane wake na nyumba ya kuezeka. Lakini wakati ule niliona ninaozwa kwa jina la mtu mwingine. Niliamka kila asubuhi mashavu yakiuma kana kwamba nimepigana. Nikamwambia, kwa maneno machache niliyoweza kuyapitisha, "Hospitali kwanza. Au nitamwandama Bi Zuhura mpaka Kisauni nimwoneshe mdomo." Tukavuka feri, tukaenda hospitali moja upande wa Port Reitz, tukakaa kwenye benchi mpaka tukajua shida za kila mtu aliyekuwa pale.

Daktari wa meno alikuwa msichana wa bara, mdogo kuliko nilivyotarajia, na Kiswahili chake kilimuumiza Shangazi kuliko taya lilivyoniumiza mimi. Alinipima kwa vidole mbele ya masikio, akaniambia nifungue, nifunge, nisogeze kidevu kushoto, kulia. "Hii taya yake haijavunjika," akasema. "Taya lake," Shangazi akasahihisha. "Ndiyo, mama. Shida iko kwa hii kiungo." "Kiungo hiki." Daktari akacheka, wala hakukasirika, akanishika vidole vyangu mwenyewe akaviweka pale mbele ya sikio nikasikia mfupa unavyotembea. Akanieleza kwamba taya si kama bawaba ya mlango tu. Hujikunja na pia huteleza mbele, ndiyo maana mtu aweza kupiga mwayo. Baina ya mifupa miwili kuna kigodoro kidogo cha gegedu. Changu kilikuwa kimeanza kuhama mahali pake, ndiyo ile *ko*: kila nikifungua kinarudi, nikifunga kinatoka. Kisha siku moja kikatoka mbele kikakataa kurudi, na misuli ikakaza kukilinda. Akaniuliza natafuna nini. Nikamwonesha jojo kifukoni. Nalala vipi? Kifudifudi, mkono chini ya shavu. Nasaga meno usiku? Shangazi akajibu kwa niaba ya Saumu, kwa urefu. Mwisho akauliza polepole, "Kuna jambo lolote linakusumbua nyumbani?" Nikamtazama Shangazi. Shangazi akatazama feni ya dari, na feni yenyewe haikuwa ikizunguka.

Dawa ilimvunja moyo Shangazi kabisa. Hapakuwa na sindano, hapakuwa na kukatwa. Vidonge vya maumivu vya siku chache. Kitambaa cha maji moto shavuni asubuhi na jioni. Vyakula laini, vipande vidogo, jojo kwaheri. Kifuniko cha plastiki cha kuvaa menoni nikilala, kilichochukuliwa kipimo baadaye, taya lilipolegea. Na mazoezi: ncha ya ulimi igande kwenye kaakaa nyuma ya meno ya juu, kisha nifungue mdomo taratibu mpaka ulimi utake kubanduka, nisimame hapo, nifunge. "Na mchana kutwa," alisema daktari, "midomo ikutane, meno yasikutane." Nikamuuliza nitapona? "Wengi wanapata nafuu bila kupasuliwa, lakini inataka subira. Usiilazimishe." Njiani Shangazi alinung'unika mpaka Likoni: "Tumekwenda safari yote hii tukafundishwe kufumba mdomo! Hata mimi ningekufundisha hilo."

Lakini ni yeye aliyechemsha maji kila asubuhi. Ninamwona hata sasa, ameketi kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, akikamua kitambaa na kukipulizia kisinichome, akilaani daktari na kunipikia uji wa mtama kwa wakati mmoja. Siku zikapita. Kidole kimoja kikawa kimoja na nusu, kikawa viwili. Asubuhi moja nilikuwa uani juu ya kigoda, kioo mkononi, ulimi juu, mdomo wazi, nimeyakodoa macho, mara kivuli kikaniangukia. Bi Zuhura, na kikapu cha samaki, amekuja bila taarifa. Alisimama. Alitazama kile kioo, akanitazama mimi. "Audhubillahi," akasema. "Wewe una nini?"

Ningeweza kufumba mdomo. Shangazi alikuwa jikoni na nilimwona mlangoni, mkono kifuani, akinitikisia kichwa: la, la, la. Nikavuta pumzi nikasema. Nikamwambia Bi Zuhura juu ya *ko* na hamri na koleo, juu ya *meme* na *bebe*, juu ya daktari na kigodoro. Nikamwambia kwamba mimi si mpole, kwamba siku ile alipokuja nilitaka kumjibu kila neno, na kwamba kuhusu yule bibi arusi wa Mtopanga hakulala bali alizimia kwa joto, nilikuwapo. Maneno ya miezi yalitoka pamoja, na taya likauma, na sikusimama. Nilipomaliza, Bi Zuhura akaketi chini juu ya jamvi. Uso ukaanza kumcheza, akapasua kicheko, akacheka hadi leso ikamwanguka, na katikati ya kicheko chake nikasikia, wazi kabisa, *ko!* Tukatazamana. "Hili langu lalia tangu nimzae Twalib," akasema akilishika shavu. "Nilidhani ni uzee unaobisha hodi. Hebu, huo ulimi wauweka wapi?" Shangazi alipopata ujasiri wa kutoka na chai, alitukuta tumekaa ana kwa ana, wanawake wawili, ndimi juu, vinywa wazi kama samaki changu sokoni. Akarudi jikoni na chai yake.

Tulizungumza mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Akasema atamleta Twalib nimwambie mwenyewe, maana ndoa haijengwi kwa kufichana. Akamleta. Alikuwa kijana mtanashati, mrefu, mwenye ukimya wa mtu ambaye amekulia nyumba yenye redio isiyozimwa. Alikula viazi vya rojo, akatazama mkeka, na mimi na mama yake tukazungumza. Tulijaribu kumwingiza katika mazungumzo mara kadhaa lakini hapakuwa na nafasi. Mwisho, tulipokuwa tunavuta pumzi wote wawili kwa bahati, akauliza: "Bi Tima, hili taya litapona kabisa?" "Daktari asema inshallah litapona," nikamjibu kwa furaha. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea habari za msiba wa mbali. Nilijua hapo hapo. Baada ya siku chache ujumbe ukaja, wa adabu sana: amefikiri, ameswali, ameona aniombe radhi. Baadaye mama yake alinisimulia maneno aliyomwambia faraghani. "Mama, nakupenda. Lakini mmoja ananitosha."

Ni rahisi kucheka sasa. Wakati ule niliumia. Sikumlilia Twalib, ambaye sikumjua. Nililia kwa sababu nilipofunga mdomo nilipendwa na nilipoufungua nikaachwa, na msichana hawezi kulipima jambo hilo bila kujiuliza kama dunia nzima ndivyo ilivyo. Shangazi alijifungia chumbani. Saumu, kwa mara ya kwanza, alinibembeleza nizungumze. Nilisaga meno hata kile kifuniko kikaingia alama, na vidole viwili vikarudi kimoja na nusu.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, mlango ukabishwa. Bi Zuhura, peke yake, jasho likimtoka, na sufuria kichwani imefungwa kwa kitambaa. Alikuwa ametoka Kisauni na sufuria ile, amevuka nayo feri. Ndani yake mlikuwa na bokoboko, ngano na nyama zilizopondwa mpaka hazijui tena zilikuwa nini, chakula ambacho hata mtoto wa miezi sita angekitafuna. Shangazi akatoka chumbani akiwa hajui aanze vipi. "Bi Zuhura, mwenzangu, sisi tulidhani... yale mambo si yamevunjika?" Bi Zuhura akatua sufuria, akatafuta mahali pa kukaa. "Twalib amevunja posa yake," akasema. "Mimi yangu sijaivunja. Leteni vijiko."

Akawa anakuja kila Ijumaa. Kati ya bokoboko na maji moto na kucheka kwa kipimo, taya langu likalegea tena, na lake likapunguza kelele. Shule zilipofunguliwa Mwalimu Karisa alinisimamisha mbele ya darasa akaniomba niseme *a*. Nikasema. Akaomba niseme tena, naye akafumba macho akisikiliza. Ilichukua muhula mzima kuwarudisha wale wa *meme*.

Twalib alioa mwishoni mwa mwaka huo, binti wa Changamwe, mpole wa kweli, mwenye sauti ya chini na meno yasiyogusana. Bi Zuhura akaniambia nisipokuja harusini hatanisamehe. Nikaenda, kwa aibu zangu, nikakaa nyuma kabisa. Wanawake waliniangalia, habari ilikuwa imeshavuka bahari kabla yangu. Bibi arusi alipoletwa na kukalishwa pale mbele, Bi Zuhura akasimama katikati ya ukumbi, akanitafuta kwa macho, akanyoosha kidole. "Tima! Vigelegele! Nataka vyako!" Ukumbi mzima ukageuka. Sikuwa nimepiga kigelegele tangu taya lifunge. Daktari alinionya juu ya kufungua mdomo sana, akanifundisha kuegemeza kidevu kwa mkono. Nikasimama. Nikakiweka kiganja chini ya kidevu, nikasema bismillahi, nikafungua.

Kilitoka kirefu, chembamba, cha juu, mpaka nikaishiwa pumzi, na taya halikusema kitu. Wanawake wakakipokea, ukumbi ukatetemeka, na bibi arusi mpole akainua uso akanitabasamia. Saumu alikuwa mlangoni karibu na upande wa wanaume. Aliniapia baadaye kwamba Twalib alikuwa amekaa baina ya ami zake, akasikia sauti ile, akaitambua, akainua mikono yake miwili akaomba dua ya shukrani.